Pikipiki ya Kimo cha Mageni

Siku ile ya Ijumaa Mageni alifika dukani kwa Hozefa kabla Davis hajatokea, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuipa mgongo pikipiki aliyoipenda.

Ndivyo alivyofundishwa. Baba yake, mzee Kulwa wa Maganzo, kule jirani na Mwadui, alianza kwenda naye mnadani tangu akiwa darasa la tatu, na huko alimnong'oneza mambo ambayo hayakuwa kwenye madaftari ya shule. Ukimpenda ng'ombe, alimwambia, simama kwa mwingine. Msifu yule usiyemtaka, mpapase nundu, mwangalie meno, mwenye mali akuone. Wako mwache pembeni kama vile hujamwona. Ukishamkodolea macho tu, umeliwa.

Basi Mageni alikuwa ameiona ya kwake tangu mlangoni. Ya bluu, CC mia moja na kumi, imesukumiwa nyuma ya matairi kama mbuzi mgonjwa. Siti yake ilikuwa chini, imebonyea katikati, na tangi lake jembamba. Hakuna kijana wa bodaboda hapo Geita ambaye angekubali kuonekana juu yake. Lakini Mageni, mwenye miaka ishirini na minne na kimo cha mtoto wa darasa la sita, aliitupia jicho mara moja tu, akaridhika, akaipita. Akaenda kusimama kwa nyekundu iliyowekwa mbele kabisa, CC mia na hamsini, tangi limetuna, siti inamfika kitovuni.

"Hii sasa ndiyo pikipiki," akasema kwa sauti, huku akiipapasa usukani.

Miaka mitatu alikuwa akiamka kupika uji na vitumbua, akivipeleka kwa wachimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu yaliyotapakaa nje ya mji. Kila mwaka maduara yalisogea mbali zaidi, na ndoo hazikupungua uzito. Mwenye kufika wa kwanza ndiye aliyeuza. Mageni, kwa miguu, alifika wa nne au wa tano. Pikipiki aliitaka kwa ajili hiyo. Na aliitaka kwa ajili ya Davis pia, maana Davis alimwambia, akiwa amemshika kidevu, "Ukishanunua pikipiki tu, wazee wangu wanakuja kwenu."

Hozefa alitoka nyuma ya kaunta akifuta miwani kwa shati. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mzaliwa wa hapo hapo Geita, na Kisukuma chake kiliwashinda wateja wengi.

"Mwangaluka, mayu."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mageni?"

"Ndiye mimi."

"Aa, karibu, karibu sana! Davis alisema utakuja Ijumaa. Fomu ya kadi nimeshaijaza kabisa, imebaki saini." Akaitazama mikono ya Mageni kwenye usukani wa ile nyekundu, akacheka. "Umeenda penyewe. Usihangaike kuizunguka, mwanangu, hiyo imeshapimwa."

"Imepimwa?"

"Na wifi yako. Juzi Jumanne."

Mageni alikuwa na wadogo wa kike tu. Hakuwa na kaka. Wifi angetoka wapi? Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Akaendelea kuipapasa nyekundu taratibu kama aliyekuwa anafikiria bei.

"Aa, wifi," akasema. "Alipanda mwenyewe?"

"Mwenyewe! Yule dada ni mrefu, bwana. Alikaa hapo, nyayo zote mbili zikalala chini kwenye saruji. Davis akamshika kiuno, akaniambia, mzee Hozefa, hii pikipiki na huyu mwanamke wamezaliwa siku moja. Tukacheka sana."

"Davis mcheshi."

"Sana. Nikamuuliza, analipa nani? Akaniambia, analipa dada yangu Mageni, ana mradi wake kule machimboni, anataka kutuanzishia maisha mimi na Violeth." Hozefa akavaa miwani na kumtazama vizuri, kwa upendo kabisa. "Nikamwambia, Mungu ambariki huyo dada. Siku hizi ndugu wa hivyo hapatikani."

"Wabeja, mzee," akashukuru Mageni. "Amina."

Fomu ilikuwa mezani. Aliisoma kichwa chini miguu juu kutoka pale aliposimama, maana kusoma alijua. Jina la mmiliki: Davis Maganga.

Akajiegemeza kwenye siti. Miezi miwili iliyopita, kwenye uwanja wa mpira, Davis alikuwa anamfundisha kuendesha kwa pikipiki ya bosi wake. Ilikuwa ndefu kama hii. Miguu ya Mageni ilining'inia. Basi Davis alikaa nyuma yake, miguu yake mirefu ikigusa ardhi huku na huku, akamwambia sikioni, "Wewe shika klachi na breki. Kusimama niachie mimi. Mimi ndiye miguu yako, Mageni." Alikuwa akinukia sabuni na petroli. Mageni alizunguka uwanja ule jioni nyingi akiwa hajui kama anachojifunza ni pikipiki au ni kupumua na mtu.

Akakumbuka na Didia, nyumbani kwa kina Davis. Mara ile moja aliyopelekwa kusalimia, Mama Davis alikaa na shangazi wawili, akamwambia, "Mwanangu, nipe ule ungo hapo juu." Ungo ulikuwa umening'inizwa chini ya paa. Mageni alinyoosha mkono, akaruka, akaruka tena. Hakuna aliyeinuka. Shangazi mmoja alifunika mdomo kwa khanga. Mwishowe Mama Davis alisimama, akautoa ungo kwa mkono mmoja bila hata kunyoosha kisigino, akautundika tena palepale. "Kumbe sikuuhitaji," akasema. Siku ile Davis aliangalia simu yake.

"Kwani wifi yako ni mgeni kwenu?" Hozefa aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Nafikiria rangi," akasema Mageni.

Hapo ndipo Davis alipoingia. Alikuja kwa miguu, maana Gregory, bosi wake, alikuwa amemnyang'anya pikipiki wiki iliyopita. Shati jeupe, nywele zimenyolewa upya. Alikuwa mzuri, yule kijana, na uzuri wake ulikuwa ule wa kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Alipoona mkono wa Mageni juu ya nyekundu, uso ukamng'aa.

"Mmeshaelewana?"

"Shikamoo, kaka," akasema Mageni.

Davis akacheka. "Nini tena?"

"Nimekuamkia, kaka. Au siku hizi hupokei shikamoo za dada zako?"

Kicheko kikakatika. Davis alimtazama Hozefa, akaitazama fomu, akamrudia Mageni. Hozefa alikuwa anatabasamu kama mtu aliye kwenye shughuli ya watu wake.

"Mzee ameniambia habari za wifi," Mageni akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Davis. "Miguu imefika vizuri. Umeanza kumficha wifi tangu lini, kaka? Mimi nilipe, halafu hata sura nisimjue?"

"Mageni, twende nje."

"Kwa nini nje? Mzee ni wa nyumbani."

"Twende nje, nimesema."

Walitoka wakasimama kando ya rundo la matairi makuukuu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijiwe cha bodaboda, vijana sita wamelala juu ya pikipiki zao, na mwenyekiti wao Mwita ameketi kwenye kreti la soda. Wote walimjua Davis. Wote wakageuza vichwa.

"Sikiliza," Davis akasema kwa sauti ya chini. "Si kama unavyofikiria."

"Sijafikiria bado. Niambie."

"Ni Mama. Unamjua Mama. Amesema kwenye nyumba yake haingii..."

"Haingii nini? Malizia."

"Haingii mfupi. Amesema atapata wajukuu wa kuchunga kuku, hawataonekana na ng'ombe. Mimi nifanyeje? Nimpige Mama?"

"Violeth ulimpata lini?"

"Alitafutwa na Mama."

"Nimekuuliza lini."

"Wazee walikwenda kwao mwezi uliopita."

Mageni alihisi kama ameminywa vidole mlangoni. Mwezi uliopita Davis alikula kwake kila siku. Mwezi uliopita ndio ule aliomwambia awapigie simu Maganzo, wapande mboga nyingi, wageni watakuja.

"Walikubaliana ng'ombe wangapi?"

"Mageni, achana na..."

"Wangapi?"

"Thelathini." Davis alilisema kwa aibu, lakini ndani ya aibu hiyo kulikuwa na majivuno kidogo, na Mageni aliyaona. "Ni mrefu, tena mweupe. Baba yake hakushuka hata mmoja. Wazee wana kumi na wawili tu zizini. Wengine inabidi niwatafute mwenyewe."

"Kwa pikipiki yangu."

Davis alipiga teke tairi moja kuukuu.

"Mimi nibebe ndoo za uji miaka mitatu, shingo iingie mabegani nizidi kuwa mfupi, ili wewe upate ng'ombe wa kumwolea mrefu."

"Ningekulipa! Haki ya Mungu ningekulipa kidogo kidogo. Na wewe ningekupeleka machimboni kila asubuhi, bure. Ungekosa nini? Pikipiki yenyewe huwezi kuiendesha. Hebu jiangalie. Ukikaa juu yake unaonekana kama mtoto aliyepakiwa akasahauliwa." Alikuwa ameshapandisha sauti bila kujua. Kule kijiweni mtu alicheka. Davis, alipokisikia kile kicheko, badala ya kunyamaza akakifuata. "Baba yako angetaja ng'ombe kumi na watano kwa ajili yako, wazee wangu wangedhani anasimulia hadithi. Mimi nilikupenda, Mageni. Lakini kuna mwanamke wa kupendwa na kuna mwanamke wa kuonyeshwa kwa watu."

Mageni alimtazama. Alikuwa na desturi ya kumtazama mtu mpaka amalize yote, hata yale ambayo mtu mwenyewe hakujua kama anayo. Davis aliona amekwisha kusema, akajifuta jasho la mdomo wa juu.

"Umemaliza?"

"Nimesema kwa hasira."

"Nimesikia." Akageuka, akaingia dukani.

Hozefa alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na fomu mkononi, hatabasamu tena. Ukuta wa duka ulikuwa wa mabati, alisikia kila kitu. Alikunja fomu mara mbili, akaichana, akaitupa kwenye boksi la takataka.

"Mwanangu, nisamehe."

"Hukukosa kitu, mzee. Naomba nione ile ya bluu."

"Ile iliyoko nyuma?"

"Ndiyo ile. Nilikuwa nayo tangu mlangoni."

Mzee alimwelewa, akaitikia kwa kichwa, akaisukuma nje mwenyewe mpaka uani penye saruji. Hakumsifia hata kidogo, wala hakumwonea huruma. Alimpima kama anavyopimwa mwendeshaji.

"Viatu hivyo ndivyo utakavyoendeshea?"

"Hivi hivi."

"Vizuri. Kaa. Nyayo?"

Mageni alikaa. Nyayo zote mbili zilitua chini, visigino na vyote. Mwili mzima ukamtulia.

"Irudishe nyuma kwa miguu. Usitumie injini. Hivyo. Wengi hununua wakiangalia kwenda mbele, halafu mlimani inawashinda kurudi nyuma. Inua stendi. Egemea kushoto. Unaihimili?"

"Naihimili."

"Shokapu za nyuma nitakuwekea ngumu zaidi kidogo, maana una ndoo. Ukizifunga, fungia chini, usizipandishe juu ya siti, zitakuangusha. Sasa shuka. Ilaze chini."

"Niilaze?"

"Lazima utaanguka nayo siku moja huko porini, na hutakuwa na mtu. Kama huwezi kuinyanyua, sikuuzii."

Davis alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni mwa ua na mikono mfukoni. Kijiwe kizima kilikuwa kimevuka barabara kuja kuona. Mageni aliilaza pikipiki, akashika usukani, akavuta. Haikusogea. Akavuta tena, mguu ukateleza kwenye mafuta, akaketi chini puu, gauni likapanda mpaka magotini.

Vijana wakapasuka kucheka.

"Mpeni kigoda!" mmoja akasema.

"Davis, msaidie dada yako!" Mwita akasema, maana habari zilishavuka barabara.

Davis hakutoa mikono mfukoni. "Mwacheni," akasema. "Ndefu ameikataa mwenyewe."

Mageni alibaki ameketi pale chini kidogo. Alikuwa anamtazama Davis kwa chini, kutoka pale sarujini, na kwa mara ya kwanza aliona pua yake ilivyo na matundu makubwa. Hozefa aliinama karibu yake, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Usiivute. Ipe mgongo. Makalio kwenye siti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha kubebea mzigo. Halafu tembea kinyumenyume kwa miguu midogo midogo. Umewahi kusogeza gunia la mchele?"

"Kila wiki."

"Basi ni hilo hilo."

Akaipa mgongo, akachuchumaa, akaegemea, akasukuma kwa mapaja. Pikipiki ikainuka kwa shida, kama ng'ombe aliyelala anavyoinuka, nyuma kwanza. Ikasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja mmoja walirudi kijiweni.

Malipo yalipita kwenye simu. Hozefa alichukua fomu mpya, akauliza jina la mmiliki, na Mageni akalitamka herufi kwa herufi. Namba ilikuwa imeshafungwa; kadi angeifuata Jumatatu. Mzee akamvalisha kofia ngumu ndogo kuliko zote dukani, akamfunga mkanda kidevuni, akarudi ndani haraka akisingizia simu.

Davis alikuwa bado yupo. Hakuwa na pa kwenda wala cha kwendea.

"Violeth anakaa wapi?" Mageni akamuuliza.

"Unataka nini kwa Violeth?"

"Nataka kumpelekea kaka yangu. Panda."

"Una kichaa."

"Ana saluni Nyankumbu, si ndiyo? Jina limeandikwa mlangoni, nimewahi kulipita. Nitafika hata bila wewe."

"Ukifika peke yako utamwambia nini?"

"Ndiyo maana nakuambia panda."

Alimwona anavyopiga hesabu kichwani: aibu ya kijiwe upande huu, mdomo wa Mageni upande ule. Mwishowe akapanda. Magoti yake yalipanda juu kama ya panzi kwenye ile siti fupi. Mageni akawasha, akaachia klachi kwa pupa, pikipiki ikaruka ikazimika. Akawasha tena. Ikaondoka ikiyumba mpaka ikanyooka, na walipopita kijiweni Mwita alisimama juu ya kreti lake.

"Jamani, Davis leo abiria! Dada, mshike vizuri asije akadondoka!"

Walikwenda polepole, gia ya pili, pembeni kabisa mwa barabara. Malori ya mawe yaliwapita na kuwatupia vumbi. Davis hakuwa amezoea kukaa nyuma ya mtu. Mwanzoni alishika chuma, baadaye, kwenye mashimo, mikono ikamrudia Mageni kiunoni yenyewe, kwa mazoea. Mageni aliisikia mikono ile. Kama angeweza kuikata na kubaki nayo bila mwenyewe, angeikata.

"Mageni," Davis akasema karibu na kofia yake. Sauti ilikuwa imebadilika, ile ya uwanjani. "Nisamehe. Yale maneno yalikuwa ya kijiwe. Wanaume wakikuangalia unasema mambo ya kijinga."

Mageni alikwepa shimo.

"Violeth mimi simjui hata. Tumeonana mara nne. Hajui kucheka. Na wewe... Mimi nikila kwa mtu mwingine sishibi, unajua hilo."

Mageni akapunguza mwendo. Moyo ulikuwa mjinga, ulikuwa umesimama kusikiliza. Akaipeleka pikipiki kando, chini ya kibao cha tangazo la mbegu za pamba, akasimama bila kuizima. Akasema bila kugeuka.

"Davis, nitakuambia mara moja tu. Tukifika kwa Violeth, mimi sitafungua mdomo. Utasema wewe mwenyewe mimi ni nani kwako. Jina langu na nilicho kwako, miaka miwili sasa. Sema hivyo tu, mbele yake. Ukisema, mama yako nitapambana naye, ng'ombe wachache nitamwomba baba apokee, na pikipiki hii itaingia Didia na sisi wawili juu yake. Maneno ya leo nitayazika."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Hapana." Akamkandamiza kifua mgongoni. "Nitasema. Haki ya Mungu, Mageni, nitasema."

Njia iliyobaki Mageni aliendesha vizuri kuliko alivyowahi. Aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Alishaanza kufikiria khanga atakayomnunulia Mama Davis, na akawa anajitukana kimoyomoyo kwa kuifikiria, na bado anaichagua rangi.

Saluni ya Violeth ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la shanga. Aliposikia pikipiki alitoka, chanuo mkononi, akiinama kuupita mlango. Alikuwa mrefu kweli, na mweupe kama alivyosema Davis, lakini uso wake ulikuwa wa msichana mdogo wa miaka kumi na tisa au ishirini ambaye bado anaamini anachoambiwa.

"Davis! Mbona umebebwa?" Akacheka. Kucheka alijua sana. "Na huyu ni nani?"

Mageni akazima injini. Akatua miguu chini, akavua kofia, akaishika mapajani. Akanyamaza kama alivyoahidi.

Davis alishuka. Akajipangusa vumbi kwenye mikono ya shati, mmoja, kisha wa pili. Alimtazama Violeth, kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili zake. Akamtazama Mageni. Mageni aliona midomo yake ikikaa tayari kwa herufi ya kwanza ya jina lake, akaona pia macho yanavyokimbia kutafuta pa kujificha. Akajua kabla hajasikia.

"Vai," Davis akasema, "huyu ndiye dada yangu Mageni, niliyekwambia."

"Wifi!"

Violeth alidondosha chanuo. Alikuja mbio, akainama, akamkumbatia Mageni palepale juu ya pikipiki, uso wa Mageni ukazama kifuani mwake, kwenye harufu ya mafuta ya nywele. "Wifi jamani, kumbe ndiye wewe! Davis kila siku Mageni, Mageni. Hujui ninavyokuombea. Mama mkwe ananiogopesha, nikasema angalau nina wifi mwenye roho nzuri."

Chini ya kwapa la Violeth, Mageni alimwona Davis. Alikuwa amesimama nyuma, viganja vimekutanishwa kifuani, anamwomba kwa midomo bila sauti. *Tafadhali. Tafadhali.* Na alipoona Mageni hasemi kitu, akatabasamu. Tabasamu la shukrani. Hilo ndilo lililomuua, kuliko ng'ombe thelathini, kuliko kicheko cha kijiwe. Alikuwa anamshukuru.

Neno moja lingetosha. Violeth angelia hapo hapo, angepiga simu kwao, na pengine angeokoka. Mageni alilipima neno hilo mdomoni. Kisha akalifungia meno.

"Hujambo, wifi," akasema.

"Sijambo, wifi yangu. Shuka basi, nikupikie chai."

"Yaya, hapana, nina ndoo za kuosha."

"Basi niahidi kitu." Violeth alimshika mikono yote miwili. "Tarehe nne mwezi ujao wanaleta ng'ombe kwa baba. Davis anasema utakuwa machimboni, huwezi kupata nafasi. Wifi, usinifanyie hivyo. Mama amesema wa kunishika mkono kunitoa ndani ni wifi. Wazee wote watakuwa wamekaa, wa kwao na wa kwetu. Nitatoka na nani?"

Nyuma yake Davis alikuwa anatikisa kichwa, haraka haraka, hapana, hapana.

Mageni alimtazama kupitia ubavuni mwa Violeth kwa muda mrefu. Alimtazama mpaka tabasamu likamwisha lote.

"Nitakuja, wifi," akasema taratibu. "Nitakuja mapema, kabla wazee hawajakaa. Nitakutoa mimi mwenyewe. Na kuna maneno machache ambayo nitaomba ruhusa niyaseme mbele ya wazee wote, kuhusu huyu kaka yangu alivyo."

"Oo, wifi!" Violeth akashika mashavu. "Utaniliza!"

"Ndiyo," akasema Mageni. "Utalia."

Akavaa kofia, akapiga kiki. Davis alimfuata mpaka barabarani, akashika usukani kwa mikono miwili, uso umemwisha damu.

"Huwezi kunifanyia hivyo. Mageni. Mbele ya wazee? Baba atanifukuza. Niambie unatania. Mwambie sasa hivi, mwambie yote, nitakubali, bora leo!"

"Leo nimeahidi sitafungua mdomo."

"Utakuja kweli?"

"Wewe ndiye uliyenipa udugu," akasema Mageni. Machozi yalikuwa yanamtoka ndani ya kofia, lakini sauti haikutetemeka. "Nitakosaje shughuli ya kaka yangu?"

Akamtoa vidole kwenye usukani, kimoja kimoja, akaondoka. Davis alibaki katikati ya barabara, honi zinampigia huku na huku, na mlangoni Violeth alikuwa ameinua pazia la shanga, anaita kwa furaha, "Davis, njoo ndani basi! Njoo unisimulie dada yako anapenda kula nini!"